Kuona na Kutambua: Habari za Rada

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kuzungumza habari za rada, yaani mtambo ule uonao meli, ndege na milima gizani, ndani ya ukungu na nyuma ya mawingu. Wengi wamepata kulisikia jina lake. Wachache wameelezwa jinsi jicho hili lilivyozaliwa, na wachache zaidi jinsi lilivyofundishwa, kwa taabu nyingi na kwa damu ya watu, kukitambua kile linachokiona. Wahenga wetu walisema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Walisema kweli. Walakini historia ya rada imejaa watu waliokuwa na macho, wakatazama, wasijue walichokitazama.

Asili ya jambo hili ni mwangwi. Mtu akisimama mbele ya jabali na kupiga ukelele, sauti yake humrudia, naye akihesabu muda uliopita aweza kujua jabali li mbali kadiri gani. Popo hufanya vivyo hivyo usiku, kwa sauti nyembamba mno ambayo masikio yetu hayaisikii. Rada nayo hupiga ukelele, ila ukelele wake ni wa mawimbi ya redio, ndugu wa mawimbi yale yaletayo mazungumzo haya nyumbani mwenu. Mawimbi hayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Basi ndege ikiwa mbali kilomita 150, wimbi huenda na kurudi katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wanafunzi wahakikishe hesabu hiyo wenyewe ubaoni.

Bwana Heinrich Hertz wa Ujerumani, katika miaka ya 1886 hata 1888, alionyesha kwamba mawimbi ya redio hurudishwa na bamba la madini kama nuru irudishwavyo na kioo. Katika mwaka wa 1904 Mjerumani mwingine, Christian Hülsmeyer, alisimamisha mtambo wake karibu na mto Rhine katika mji wa Cologne, na kila ilipopita meli kengele ililia. Watu waliokuwapo walistaajabu, lakini wenye meli na wakuu wa manowari hawakuununua. Tukiutazama leo mtambo ule, twaona kwamba upungufu wake wa kwanza ndio uliokuja kuwasumbua wataalamu kwa miaka mia na zaidi: kengele ilisema, "Pana chuma mbele yako," isiseme ni chuma gani.

Miaka 30 ikapita. Katika mwaka wa 1935 Serikali ya Uingereza iliogopa ndege za kutupa mabomu, ikamwuliza Bwana Robert Watson-Watt kama yawezekana kumwua rubani kwa mawimbi ya redio angali hewani. Msaidizi wake, Bwana Arnold Wilkins, alifanya hesabu akaona haiwezekani hata kidogo, ila huenda mawimbi hayo yakatosha kumwona rubani. Tarehe 26 Februari, 1935, wakaenda karibu na Daventry, ambako palikuwa na mitambo mikubwa ya BBC iliyokuwa ikipeleka sauti ya redio ng'ambo za mbali. Ndege moja ya Heyford ikaamriwa kuruka huko na huko, nao wakakaa garini shambani wakiutazama mstari mdogo wa nuru katika kioo. Mstari ukatikisika. Ndege ilionekana mpaka mwendo wa maili 8 hivi. Basi rada ya Waingereza ilianza kwa mwangwi wa kituo cha kutangazia habari, na sisi tunaosema nanyi kwa redio hatuwezi kuyapita maneno hayo bila kutabasamu kidogo.

Kwa siri kubwa wakajenga pwani ya Uingereza safu ya minara, ya chuma kwa kupeleka mawimbi, yenye urefu wa futi 360, na ya miti kwa kuyapokea, yenye futi 240. Vita ilipoanza katika Septemba 1939 safu ilikuwa tayari. Tarehe 3 vita ikatangazwa. Tarehe 6, asubuhi, ikatoka habari ya uongo kwamba adui anakuja. Ndege za Uingereza zikaruka kumtafuta. Na zilipokuwa hewani zikaandikwa katika ramani kuwa ndizo adui, na ndege nyingine zikapelekwa juu yake. Marubani wa Spitfire wakaziangusha Hurricane mbili za nchi yao wenyewe, na rubani mmoja akafa. Katika siku ya tatu tu tangu vita kutangazwa, jicho lililojengwa kwa gharama na hekima nyingi likawa limesaidia kumwua mwenyewe.

Dawa waliyoitafuta ilikuwa ni ile ya askari wa zamu langoni. Askari hamtambui mtu gizani, humwuliza, "Nani wewe?" na mtu hujibu kwa neno la siri. Vivyo hivyo kila ndege ikapewa mtambo mdogo ambao, ukiguswa na wimbi la rada, hujibu, na mwangwi wa ndege hiyo hukua katika kioo kwa namna ijulikanayo. Njia hii ni njema, nayo hutumika hata sasa. Lakini tuangalie vizuri maana yake. Ajibuye ni rafiki. Asiyejibu je? Huenda ni adui. Huenda ni rafiki ambaye mtambo wake umeharibika. Huenda ni mtu mwingine kabisa, asiyehusika na vita yenu, apitaye na shughuli zake. Kunyamaza hakumtambulishi mtu. Tuliweke neno hilo akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Pwani yetu nayo ina sehemu yake katika habari hizi, ingawa vijana wa huko si wengi waijuao. Profesa Basil Schonland wa Johannesburg, aliyekuwa akichunguza radi na umeme wa mawinguni, aliunda rada pamoja na wenziwe kwa vifaa walivyovipata madukani, na katika Desemba 1939 mtambo wao ukapata mwangwi wake wa kwanza. Waliuita kwa herufi mbili za jina la mji wao, JB. Mwaka uliofuata, Italia ilipokwisha kuingia vitani na majeshi yake yakiwa Somalia, mpakani mwa Kenya, mtambo wa namna hiyo ulisimamishwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, kungojea ndege za Waitaliani. Wavuvi wa Mambrui waliokuwa wakiijua jahazi kwa mkato wa tanga lake, ingali nukta ndogo kwenye upeo wa bahari, walikuwa na elimu ambayo mtambo ule haukuwa nayo.

Sasa twaja kwa asubuhi moja ambayo yatupasa kukaa nayo kidogo. Ni Jumapili, tarehe 7 Desemba, 1941, mahali paitwapo Opana, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Askari wawili wa Marekani, Joseph Lockard na George Elliott, walikuwa zamu katika rada. Amri ilikuwa kuufunga mtambo saa moja asubuhi. Walakini gari la kuwachukua kwenda kula lilichelewa, na Elliott alitaka kujifunza zaidi, wakauacha ukiwaka. Saa moja na dakika mbili ukatokea katika kioo mwangwi mkubwa kupita yote Lockard aliyopata kuiona, kaskazini, mwendo wa maili zaidi ya 130. Kwanza alidhani mtambo umeharibika. Akaupima, ulikuwa mzima. Wakapiga simu katika nyumba ya kukusanyia habari.

Huko watu karibu wote walikuwa wamekwenda kula. Alibaki afisa mmoja kijana, Luteni Kermit Tyler, ambaye hiyo ilikuwa zamu yake ya pili tu katika kazi ile, wala hakuwa amefundishwa vema. Alfajiri, alipokuwa njiani, alikuwa amesikia redio ya Honolulu ikipiga muziki. Na rafiki yake mmoja alipata kumwambia kwamba redio hiyo ikipiga muziki usiku kucha, ni kwa sababu ndege kubwa za B-17 zinakuja kutoka California na marubani wanaifuata sauti yake. Kwa hiyo alipoambiwa habari za mwangwi, alijua mara moja ni nini. Akawajibu wasijisumbue.

Hizo zilikuwa ndege 183 za Wajapani. Kabla ya saa mbili zilikuwa juu ya bandari ya Pearl Harbor, na watu zaidi ya 2,400 walikufa siku ile. Nasi hatutaki kumhukumu Tyler kwa urahisi, kama wafanyavyo watu wasomao habari wakijua tayari mwisho wake. Dhana yake haikuwa ya kipumbavu. Ndege za B-17 zilikuwa njiani kweli, 12, nazo zilifika asubuhi ileile katikati ya moto, hazina silaha tayari. Baraza lililochunguza halikumwadhibu, maana aliwekwa pale bila mafunzo wala msimamizi. Mtambo wa Opana ulitenda yote uliyotengenezwa kutenda: uliona, ukapima umbali, ukaonyesha upande. Kioo hakikuwa na njia ya kusema kama mwangwi ule ni wa ndege 12 za nyumbani au 183 za adui. Pengo hilo likajazwa na muziki wa redio.

Wakati huohuo wataalamu walikuwa wakitafuta jicho kali zaidi. Katika Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Mabwana John Randall na Harry Boot waliunda kifaa kiitwacho magnetroni, kilichotoa kwa nguvu kubwa mawimbi mafupi ya sentimita 10 hivi. Wimbi fupi huona mambo madogo. Kwa kifaa hicho Waingereza waliunda rada ya kuchukuliwa katika ndege, wakaiita H2S, na mkuu wa kazi hiyo alikuwa Bwana Bernard Lovell. Katika Juni 1942 ndege iliyokuwa ikiijaribu ilianguka, na wote waliokuwamo wakafa, pamoja na Bwana Alan Blumlein, fundi mkubwa wa mambo ya sauti na umeme. Hata hivyo kazi haikusimama, na usiku wa tarehe 30 Januari, 1943, ndege zenye H2S zikaenda Hamburg.

Hapa ndipo rada ilipoanza kuchora picha. Mbele ya mtazamaji palikuwa na kioo cha mviringo, na mstari wa nuru uliokizunguka kama mshale wa saa, ukiacha nyuma yake sura ya nchi iliyo chini. Maji yalikuwa meusi, kwa kuwa maji matulivu huutupa mwali mbali kama kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa. Mashamba yalikuwa ya kijivu. Miji iling'aa, maana ukuta ukikutana na ardhi hufanya pembe, na pembe huurudisha mwali kulekule ulikotoka. Hamburg ulitambulika kwa mto wake Elbe na magati yake. Berlin haukutambulika kwa urahisi, kwani mji ule mkubwa ulikijaza kioo chote kwa weupe usio na alama. Na katika Julai 1943 Hamburg ulishambuliwa siku nyingi mfululizo, watu zaidi ya 30,000 wakafa, wengi wao ndani ya nyumba zao. Picha ile ya mviringo iliutambua mji. Kiwanda na nyumba ya mjane zilikuwa weupe uleule mmoja.

Katika mashambulio hayohayo Waingereza walitupa kutoka hewani vipande vya karatasi yenye bati, maelfu kwa maelfu, vya urefu wa sentimita 27 hivi, na vioo vya rada za Wajerumani vikajaa mwangwi wa ndege zisizokuwapo. Hiyo ndiyo hila ya pili ya elimu hii: kwanza adui hutaka asionekane, akishindwa hutaka aonekane mahali pote. Tangu hapo kila aliyeunda rada alijua kwamba haitoshi kuuona mwangwi, yampasa kuuhoji.

Baada ya vita swali likawa hili: jinsi gani kupata picha iliyo kali kama ya kamera, kutoka mbali? Kanuni ya nuru na mawimbi yasema kwamba jicho likitaka kuona vitu vidogo kwa mbali, sharti liwe pana. Rada iliyo mamia ya kilomita juu ya nchi, ikitaka kuona kitu chenye ukubwa wa uwanja wa shule, ingehitaji sikio la urefu wa kilomita kadhaa. Nani awezaye kurusha chombo cha namna hiyo?

Jibu lilitolewa katika mwaka wa 1951 na Bwana Carl Wiley, mfanyakazi wa Goodyear huko Arizona, Marekani. Ninyi mliokaa karibu na njia ya gari la moshi mmesikia jinsi mlio wa filimbi yake uwavyo mwembamba likija, na mnene likisha kupita. Mwangwi wa redio nao hubadilika hivyo chombo kinapoenda, na kila mahali pa nchi hubadilika kwa kadiri yake mwenyewe. Bwana Wiley aliona kwamba mtu akiweka akiba ya mwangwi wote uliopokewa njiani, akaupanga baadaye, sikio dogo liendalo laweza kufanya kazi ya sikio kubwa lililosimama. Ni kama mshonaji wa mkeka: ukili ni mwembamba, hauzidi viganja viwili, lakini akiunga ukili na ukili, hupata mkeka wa kulalia watu wanne. Katika mwaka wa 1957 watu wa Chuo Kikuu cha Michigan walifaulu kuunga mwangwi hivyo, kwa filamu na lenzi, maana mashine za hesabu za siku zile hazikuiweza kazi hiyo. Na tarehe 27 Juni, 1978, Marekani ikarusha chombo kiitwacho Seasat, kikaizunguka dunia kwa urefu wa kilomita 800 hivi, na sikio lake halikuzidi mita 11. Kilidumu siku mia na chache tu umeme wake ukaharibika, lakini picha zake zilionyesha mambo ya upana wa mita 25.

Jambo moja katika picha za namna hii hutupendeza kuliko yote, nalo ni la bara letu la Afrika. Katika Novemba 1981 chombo Columbia, katika safari yake ya pili, kilichukua rada juu ya jangwa la Sahara, mahali Misri ipakanapo na Sudan. Kwa macho, na kwa kamera, pale ni mchanga mtupu. Rada ilionyesha mabonde ya mito, mengine mapana kama bonde la Nile. Mawimbi yalikuwa yamepenya mchanga mkavu na kuigusa nchi ya kale iliyozikwa chini yake. Wataalamu hawakuridhika na picha. Walikwenda pale jangwani, wakachimba, wakakuta kweli mito ya zamani, na zana za mawe za watu waliokaa kandokando yake. Twapenda sana tabia hiyo ya kwenda na jembe.

Lakini jembe halipatikani kila mahali. Tarehe 3 Julai, 1988, manowari ya Marekani iitwayo Vincennes ilikuwa katika mlango wa bahari wa Hormuz, mahali ambapo majahazi yaliyotoka kwetu na mikoko na boriti yamepita kwa karne nyingi. Ilikuwa na rada bora kuliko karibu zote za wakati ule. Asubuhi ile ilikuwa ikipigana na mashua za Iran, na katika ghasia hiyo ndege ikaruka kutoka Bandar Abbas. Ilikuwa Airbus ya abiria, ikienda Dubai kama desturi yake. Rada iliiona tangu iliporuka. Vitabu vya kumbukumbu vya mtambo, vilipofunguliwa baadaye, vilionyesha kwamba ndege ilikuwa katika njia ya abiria, ikipanda juu, ikijibu kwa alama ya ndege za raia. Yote yaliandikwa sawasawa.

Lakini mtu mmoja chomboni alisema amepata jibu la ndege ya vita ya F-14. Na wachunguzi walidhani baadaye kwamba jibu hilo lilitoka kwa ndege nyingine iliyokuwa bado uwanjani. Neno "F-14" lilipokwisha kutamkwa, kila kitu kikasomwa kwa neno hilo. Alama katika kioo haikuonyesha kama ndege ni kubwa au ndogo. Watu wakasema inashuka kuwajia, hali hesabu zilizo mbele yao zilionyesha inapanda. Waliiita kwa redio, haikujibu. Dakika 7 hivi tangu iliporuka, manowari ikatupa makombora mawili. Watu 290 walikufa, na 66 kati yao walikuwa watoto. Mtakumbuka tulivyosema habari za kunyamaza.

Baada ya misiba ya namna hii, watu walizidi kuuliza: je, haiwezekani mashine yenyewe itambue, isiyo na hofu wala haraka? Kazi hiyo ilikuwa imeanza zamani. Mashine hufundishwa kwa mifano, kama mtoto afundishwavyo herufi: huonyeshwa picha elfu, na kila picha huambiwa jina lake, hata ijue yenyewe kutaja jina la picha isiyopata kuiona. Katika miaka ya 1995 na 1996 Wamarekani walipanga vifaru na magari ya vita uwanjani, wakayapiga picha kwa rada ya ndege kila upande, picha zilizoonyesha mambo ya upana wa futi moja tu. Mkusanyo huo uliitwa MSTAR, na sehemu yake ikatolewa wazi ili wataalamu wa nchi zote wajaribu mashine zao.

Kazi ni ngumu kuliko mtu adhaniavyo. Katika picha ya rada kifaru hakifanani na kifaru. Ni mkusanyo wa madoa meupe, na kivuli cheusi nyuma yake; kikigeuzwa kidogo tu, madoa yote huhama. Juu ya hayo picha yote ina chembechembe, kama mtu aliyeimwagia pumba. Hata hivyo mashine zilizidi kuendelea, na katika mwaka wa 2016 wataalamu waliandika kwamba mashine yao, yenye namna ya akili iliyoigwa kutoka mishipa ya ubongo, ilitambua sawasawa magari zaidi ya 99 katika kila 100, katika aina 10 za MSTAR.

Hapo mtu angedhani habari imekwisha. Lakini miaka 12 kabla ya hapo wachunguzi wengine walikuwa wamekwisha kuuliza swali la kimwalimu: wanafunzi hawa wamejifunza nini hasa? Wakalifuta gari katika picha, wakaiacha ardhi tupu iliyolizunguka, wakaiuliza mashine, "Ni gari gani hili?" Nayo ikajibu, na mara nyingi mno ikataja jina lililo sawa. Kumbe wakati wa kupiga picha kila aina ya gari iliwekwa mahali pake, na mashine ilikuwa imeshika sura ya majani na udongo wa mahali hapo. Kila mwalimu wa darasa la kwanza amemwona mtoto "asomaye" ukurasa mzima bila kosa, mpaka mwalimu afunike picha ya mbuzi kwa kiganja chake. Mtoto huyo hadanganyi. Amefanya tulichomwomba, kwa njia iliyo rahisi kwake. Wataalamu walio makini hupima mashine zao sasa kwa picha za mahali pengine na pembe nyingine, na mara nyingi hesabu ile ya 99 hushuka.

Nasi hatusemi kwamba mashine hizi hazina faida. Kazi yake kubwa sasa si ya vifaru peke yake. Ulaya ilirusha chombo Sentinel-1A katika Aprili 2014, na picha zake hutolewa bure kwa mtu yeyote. Kwa picha za namna hiyo mashine hutafuta meli baharini, maana chuma hung'aa juu ya maji meusi, na hutafuta mafuta yaliyomwagika, kwa kuwa mafuta hulaza mawimbi madogo ya maji na mahali hapo huwa peusi kuliko kwingine. Na hapa tena hutahadhari: bahari isiyo na upepo nayo huwa nyeusi vilevile.

Katika Machi 2019 tufani ya Idai iliipiga Msumbiji, mji wa Beira na mabonde ya mito yaliyo nyuma yake. Mawingu yaliifunika nchi, kamera zikawa vipofu, rada ikaona. Ramani za mafuriko zikachorwa kwa picha za Sentinel-1, zikapelekwa kwa watu wa misaada, na mashamba yaliyokuwa ya kijivu yakaonekana meusi kwa maili nyingi. Mashine iliyofundishwa kwamba weusi ni maji huchora ramani ya namna hiyo kwa dakika chache. Lakini maji yaliyosimama chini ya miti au katikati ya matete marefu hayawi meusi. Shina na maji hufanya pembe, kama ukuta na ardhi, na mahali pale hung'aa. Vivyo hivyo kijiji kilichozungukwa na maji chaweza kuonekana cheupe, kana kwamba ni kikavu. Ndiyo sababu watu wachorao ramani hizo huweka picha ya kabla ya mvua kando ya picha ya baada yake, wakatafuta si weusi peke yake, bali kila mahali palipobadilika, hata palipokuwa peupe zaidi kuliko jana.

Tarehe 30 Julai, 2025, chombo kipya kiitwacho NISAR, cha Marekani na India pamoja, kilirushwa kutoka Sriharikota katika pwani ya India. Kina sikio la upana wa mita 12 na mawimbi ya namna mbili, moja refu lipenyalo majani na jingine fupi, nacho kimetengenezwa kurudi juu ya mahali palepale kila siku 12.